Sukari mbadala: zipi ni mbaya kuliko sukari yenyewe, na zipi tunaziogopa bure?

Afisa Lishe (mleta mada)

Wakuu, habari za leo.

Nafanya kazi kliniki ya kisukari, upande wa lishe. Haipiti wiki bila mtu kuniuliza kama ni kweli vidonge vya kuweka kwenye chai vinaleta saratani, na kama si heri arudi tu kwenye sukari yake ya dukani. Anayemfuata kwenye foleni ameacha sukari zamani, lakini chai yake inakolea asali asubuhi na jioni, na kipimo chake cha wastani wa sukari ya damu kwa miezi mitatu kinazidi kupanda. Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Yeye haogopi chochote, ameshaambiwa asali ni dawa.

Naomba tulijadili kwa upana. Swali la kama sukari mbadala ni mbaya kuliko sukari halina jibu moja, kwa sababu kwenye kapu hilo tunatupia vitu visivyo na undugu: asali, sukari guru, sharubati ya agave (mmea wa jamii ya mkonge), stevia, vidonge vya chai, unga mweupe uliomo kwenye biskuti za "wagonjwa wa kisukari". Vingine ni sukari tupu yenye rangi nyingine. Vingine havina nishati ya kuhesabika. Na vichache, kwa mtu fulani na kwa wakati fulani, kweli ni vibaya kuliko sukari.

Sukari nyeupe ni sukrosi: nusu glukosi, nusu fruktosi. Glukosi ndiyo inayoonekana kwenye mashine ya kupima. Fruktosi inaelekea zaidi kwenye ini. Kijiko cha chai kina gramu 4 hivi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na unasema ni bora zaidi ikishuka chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25 kwa mtu mzima, vijiko 6. Soda ya mililita 300 ina gramu 30 na ushee. Ukimaliza chupa moja umeshapitiliza hizo 25.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mwongozo huohuo unahesabu asali, sharubati na juisi ya matunda upande wa sukari. Gramu 100 za asali zina takriban gramu 80 za sukari, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Sukari guru ni maji ya miwa yaliyochemshwa mpaka yakaganda. Ina madini, sawa, lakini ili madini hayo yakufae itabidi ule mabonge ambayo kongosho lako haliyawezi. Sukari ya kahawia ni ileile iliyobaki na molasi kidogo. Kijiko cha chakula cha asali kina gramu 17 hivi za sukari. Mtu anayeacha vijiko viwili vya chai vya sukari (gramu 8) na kumimina kijiko kikubwa cha asali "kwa sababu ni ya asili" amejiongezea mara mbili, huku moyoni ametulia kabisa.

Halafu kuna fruktosi. Supamaketi kubwa za mijini siku hizi utakuta sharubati ya agave, imeandikwa kwamba inamfaa mwenye kisukari. Fruktosi yake mara nyingi inazidi asilimia 70. Ukijipima baada ya kuila, mashine inakupa namba nzuri, kwa kuwa fruktosi haipandishi glukosi kwa haraka. Mzigo umeenda kwenye ini, na ini likizidiwa linaigeuza kuwa mafuta. Ujerumani kwa miaka mingi waliuza vyakula maalumu vya wenye kisukari vilivyotiwa fruktosi badala ya sukari. Mwaka 2010 wakabadilisha kanuni, na baada ya kipindi cha mpito lebo hizo zikatoka sokoni. Maoni yangu, na nitayasimamia: mwenye mafuta kwenye ini ni heri aweke kijiko cha sukari kuliko kijiko cha agave.

Naendelea kwenye posti inayofuata, hii imeshakuwa ndefu.

Afisa Lishe

Sasa zile zinazoitwa za bandia.

Aspatemu (kwenye lebo E951) ndiyo inayotajwa na kila mtu. Julai 2023 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kundi la 2B, "huenda ikasababisha saratani". Habari zikaishia hapo. Kundi hilo linamaanisha ushahidi ni mdogo, na ndimo lilimo pia dondoo la jani zima la mshubiri, ambalo watu wanalinunua kama tiba. Siku hiyohiyo kamati ya wataalamu wa viungio vya chakula, ambayo kazi yake ndiyo kupima kiasi, ikaacha kikomo palepale: miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mtu wa kilo 70 atahitaji makopo 9 mpaka 14 ya soda ya diet kwa siku ili avuke hapo, kama hali aspatemu mahali pengine. Wanaotakiwa kuikwepa kabisa ni wenye fenilketonuria, ugonjwa wa nadra wa kuzaliwa nao.

Kwa hiyo mtu anayekunywa soda ya kawaida kila siku kwa kuogopa aspatemu amekimbia hatari ambayo haijathibitika, akakumbatia iliyothibitika.

Ila msinielewe vibaya, siwatetei wenye viwanda. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee sukari mbadala zisizo na nishati kama njia ya kupunguza uzito, kwa sababu kwa muda mrefu faida haikuonekana. Ushauri huo uliwaacha nje watu ambao tayari wana kisukari, na sehemu hiyo mitandaoni imekatwa karibu kila mahali ninapoiona.

Inayonifanya nisite kwa dhati ni erithritoli, E968, unga mtamu unaotiwa kwenye vyakula vya "bila sukari". Februari 2023 watafiti wa Cleveland Clinic, Marekani, walichapisha kwenye jarida la Nature Medicine kwamba watu wenye erithritoli nyingi kwenye damu walipata zaidi mshtuko wa moyo na kiharusi. Hilo peke yake lisingenisumbua sana, maana mwili wenyewe hutengeneza erithritoli, na wenye matatizo ya sukari hutengeneza zaidi. Lakini wakawapa watu 8 wenye afya kinywaji chenye gramu 30, na kiwango kwenye damu kikabaki juu kwa zaidi ya siku mbili. Mwaka 2024 wakarudia kwa watu 20, nusu wakapewa erithritoli na nusu glukosi. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zikawa nyepesi kuganda kwa waliokunywa erithritoli, na kwa wa glukosi hapana. Mwaka huohuo kundi hilohilo likaripoti jambo linalofanana kuhusu zailitoli, E967. Ni tafiti ndogo, na hakuna aliyefuatilia watu kwa miaka akiwapa erithritoli aone nani anapata kiharusi. Hata hivyo mgonjwa wangu aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye moyo mbovu, namwambia aiache. Kwake yeye kijiko kimoja cha sukari ndani ya hesabu yake ya siku nakiona salama zaidi kuliko gramu 30 za erithritoli kwenye kipande cha keki.

Nawasilisha. Karibuni, hasa wenye mawazo tofauti.

Mzee wa Mizinga

Mleta mada, nimekusoma mpaka mwisho na nakushukuru kwa muda wako. Lakini kwenye asali umeenda mbio. Mimi nafuga nyuki Sikonge, baba yangu alifuga, babu yangu alifuga. Asali ina vimeng'enya, inatibu kidonda, inatuliza kikohozi. Leo unaiweka meza moja na sukari ya kiwandani? Na tukiwaambia watu hivi, wakulima wa nyuki wa Tabora na Kigoma wataenda wapi?

Afisa Lishe

Shikamoo mzee wangu. Asali ya miombo naijua, na sina ugomvi nayo. Kikohozi cha mtoto aliyevuka mwaka mmoja inakituliza kweli, na kwenye vidonda hospitali nyingi duniani zinatumia asali iliyosafishwa kwa kazi hiyo. Kwa mtu mzima mwenye afya anayeweka kijiko kidogo kwenye mkate sina neno lolote.

Ugomvi wangu ni sehemu moja tu, pale muuzaji anapomwambia mgonjwa wa kisukari "hii kula upendavyo". Vimeng'enya haviondoi glukosi. Kasi ya asali kupandisha sukari kwenye damu ni chini kidogo tu ya sukari ya kawaida, na kuna asali za maua fulani ambazo tofauti hata huioni. Nakuomba wewe mwenye mizinga uwaambie wateja wako hivyo. Neno lako litasikika kuliko langu.

Na hili naliandika kwa herufi kubwa wasome wote wenye watoto wachanga: MTOTO WA CHINI YA MWAKA MMOJA ASILAMBISHWE ASALI, hata tone. Inaweza kubeba mbegu za bakteria wa botulismu (ugonjwa wa sumu unaopooza mwili), na utumbo wake bado hauna uwezo wa kuwazuia. Hapo asali ni hatari kuliko sukari bila mjadala.

Mzee wa Mizinga

Marahaba. Hilo la wachanga kwetu huwa wanalambishwa siku ya kwanza kabisa. Nitalifikisha kijijini. La wagonjwa nalo nimelipokea, ingawa bado nasema asali halisi na ile iliyochanganywa sharubati haziwezi kufanana.

Afisa Lishe

Kwenye ladha na thamani hazifanani mzee, uko sahihi. Kwenye mashine ya kupima zinafanana.

Fundi Keki

Mimi naoka keki za oda, na wateja wa "bila sukari" wameongezeka sana. Naomba niseme ninayoyaona jikoni.

Aspatemu haifai kuokea, ikikaa kwenye joto inavunjika na utamu unapotea. Sukralosi (E955) inatangazwa kuwa inavumilia oveni, lakini mwaka 2019 taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari za vyakula ilitahadharisha kwamba ikipashwa zaidi ya nyuzi 120 inaweza kutoa misombo ya klorini yenye madhara, na ikashauri itiwe baada ya kupika. Tangu nisome hayo siiweki kwenye oveni.

Kinachonikera ni biskuti na chokoleti za "sugar free" zinazouzwa madukani kwa bei mara tatu. Geuza pakiti: unga wa ngano, mafuta, na maltitoli, E965. Maltitoli ina karibu nusu ya nishati ya sukari, na sukari ya damu inapandisha, ingawa polepole. Mteja wangu mmoja mwenye kisukari alikuwa anamaliza pakiti nzima akiamini haimhusu. Tumbo likawa linamsumbua hajui sababu. Ulaya maandishi ya kuonya kwamba ukizidisha utaharisha ni ya lazima kwenye bidhaa zenye kiasi kikubwa cha sukari-alkoholi, jamii ya maltitoli na erithritoli. Kwetu mengine yameandikwa Kituruki au Kiarabu, nani atasoma?

Afisa Lishe

Dada, asante sana, hili la maltitoli nililipitia juu juu na umelisema vizuri zaidi. Naongeza tu kwamba hata maltitoli ikitolewa, ule unga wa ngano unageuka glukosi. Neno "bila sukari" halimaanishi bila wanga. Ndiyo maana mgonjwa anakula biskuti nne "salama", anapima, anashangaa.

Nyanza Boy

Habari za Tanzania. Niko Kisumu. Nauliza kuhusu stevia, kwa sababu huku Kenya, upande wa Kericho, wako wakulima waliopanda huo mmea, na mama yangu ana mche nyumbani, anatia majani kwenye chai. Je, hiyo nayo ina shida? Nimesoma kwamba Wagwarani, wenyeji wa asili wa Paragwai, wameitumia karne nyingi.

Afisa Lishe

Karibu sana ndugu. Stevia ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi, kwa sharti moja nitakalolisema. Viambato vyake vilivyosafishwa (E960) vina utamu mara 200 mpaka 300 ya sukari, havina nishati ya kuhesabika, na kikomo chake ni miligramu 4 kwa kilo ya mwili, zikipimwa kama stevioli, yaani kiini cha viambato hivyo. Vilikubaliwa Marekani 2008, Umoja wa Ulaya 2011. Jani zima lenyewe halijafanyiwa vipimo vya kiwango hicho, ndiyo maana Marekani hawajaliidhinisha kama kiungo cha chakula. Majani mawili matatu kwenye chai ya mama sioni sababu ya kumtisha.

Sharti langu ni pakiti. Kwa kuwa stevia ni tamu mno, kiasi cha kutosha kikombe kimoja hakionekani hata kwenye ncha ya kijiko, kwa hiyo kiwanda kinajazia kitu kingine ili pakiti ishikike. Kitu hicho mara nyingi ni erithritoli, wakati mwingine maltodekstrini (aina ya wanga) au glukosi. Umenunua "stevia" na mbele pamechorwa jani la kijani, ndani asilimia zaidi ya 90 ni kingine. Soma mstari wa viambato: kinachotajwa kwanza ndicho kingi.

Bi Saada Muscat

Assalaam alaykum. Mimi ni Mzanzibari, naishi Muscat. Huku tende na kahawa ndiyo heshima ya nyumba, mgeni akiingia huwezi kumnyima, na mgonjwa wa sukari huwezi kumwambia asinyooshe mkono. Mume wangu ana kisukari na anasema tende haina neno kwa sababu ni tunda. Na sasa kuna sharubati ya tende, wanaitia kwenye kila kitu, hata halua. Nimjibu nini?

Afisa Lishe

Waalaykum salaam Bi Saada. Mwambie tende nzima na sharubati yake ni vitu viwili. Tende nzima ina nyuzinyuzi, inatafunwa, inashibisha, na sukari inaingia taratibu. Ndogo moja ina kama gramu 5 za sukari, lakini zile kubwa za Medjool zinafika gramu 16, sawa na vijiko vinne vya chai. Mbili ndogo na kahawa isiyo na sukari, akipunguza wali au mkate mlo ule, anaweza kukaa na wageni wake bila kinyongo. Akipima saa mbili baadaye ataona mwenyewe mwili wake unasemaje, na hiyo ndiyo hoja ambayo hata mume hawezi kuipinga.

Sharubati ya tende ihesabuni kuwa sukari. Nyuzinyuzi nyingi zimebaki kwenye kichujio.

Mama Mapacha

Wakuu, mmesema sana ya watu wazima. Mimi nina mapacha wa miaka sita na kila wakitoka shule wana barafu za mifuko au zile juisi za unga, midomo ya rangi. Nimegeuza pakiti moja nikakuta E951, E952, E954. Na huyo anayetengeneza barafu mtaani ana kikopo cha chembechembe nyeupe, anasema kijiko kimoja kinatosha ndoo nzima kwa vile sukari ni ghali. Nimekaa na hili moyoni muda mrefu.

Afisa Lishe

Dada yangu, hili ndilo swali zito kuliko yote humu.

Hizo ni aspatemu, siklamati na sakarini. Sakarini ndiyo kongwe, iligunduliwa 1879 pale Johns Hopkins na Constantin Fahlberg. Miaka ya 1970 ilishukiwa saratani ya kibofu kwa sababu ya panya wa maabara, na Marekani wakaibandika onyo. Baadaye ikaonekana panya dume wana hali kwenye mkojo wao ambayo binadamu hatuna, na mwaka 2000 onyo likaondolewa. Siklamati ilipigwa marufuku Marekani 1969 na mpaka leo haijarudi, lakini Ulaya na nchi nyingi inaruhusiwa kwa kiwango maalumu. Kwa hiyo kuwemo kwenye pakiti peke yake si sumu.

Shida ni kipimo, na kikomo kinahesabiwa kwa kilo za mwili. Chukua mtoto wa kilo 20. Kamati ya kimataifa imeweka kikomo cha sakarini miligramu 5 kwa kilo, maana yake miligramu 100 kwa siku kwa mtoto huyo. Sakarini ni tamu kama mara 300 ya sukari, hivyo miligramu 100 zinaleta utamu wa gramu 30 za sukari. Huo ni utamu wa soda moja! Kinywaji kimoja kilichokolezwa kwa sakarini peke yake kiasi cha kufanana na soda kinamfikisha mtoto kikomoni, na wao hawanywi kimoja. Vikomo hivi huwekwa mbali sana na kiwango kinacholeta madhara, kwa kawaida mara 100 chini yake, kwa hiyo usiwe na hofu ya usiku huu. Ila kuvuka kila siku ya shule, mwaka mzima, ndiko ambako hakuna mtu aliyekuhakikishia usalama.

Kiwanda chenye maabara kinapima kwa miligramu. Jirani mwenye ndoo anapima kwa ulimi. Mimi kwa watoto wangu mwenyewe ningechagua maji, na siku ya hamu juisi ya ubuyu au ukwaju ya nyumbani yenye sukari kidogo ambayo najua nimeweka vijiko vingapi. Hapo sukari inashinda.

Daktari wa Mtaa

Nikipinga kidogo. Tafiti kubwa zinaonyesha wanaotumia hivi vitu wananenepa na kuugua zaidi. Ule wa Ufaransa wa 2022 ulikuwa na watu zaidi ya 100,000, na aspatemu ilihusishwa na saratani. Mleta mada unalipitia hili kwa haraka mno.

Afisa Lishe

Hoja ya haki, mkuu. Utafiti huo nimeusoma, na ongezeko waliloliona lilikuwa dogo. Ugumu wa tafiti za kufuatilia watu ni huu: nani anayekunywa soda ya diet? Mara nyingi ni yule ambaye tayari ana uzito mkubwa au ameambiwa sukari iko juu. Akiugua baadaye, unashindwa kujua kama ni kinywaji au hali iliyomfanya akichague. Watafiti wanajitahidi kusawazisha hilo kwa hesabu, lakini haliishi lote.

Ndiyo maana natazama zaidi majaribio ambayo watu wanapangiwa kwa kura. Uholanzi, 2012, watoto 641 walipewa mililita 250 za kinywaji kila siku kwa miezi 18. Nusu chenye sukari, nusu chenye sukari mbadala, na hawakujua kipi ni kipi. Wa sukari waliongezeka kilo 7.37, wa pili 6.35. Kwa hiyo ukibadilisha kinywaji kwa kinywaji, ongezeko la uzito linapungua kidogo. Halipungui pale mtu anapokunywa diet halafu akajizawadia chapati ya tatu.

Kwa upande wako naongeza hili. Watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, mwaka 2022 waliwagawa watu wazima 120 kwenye makundi, manne kati yake kila moja likapewa sukari mbadala yake kwa wiki mbili. Sakarini na sukralosi zilibadilisha jinsi miili yao inavyoshughulikia glukosi, kupitia bakteria wa utumbo, na si kwa kila mtu. Kwa hiyo "haina nishati" haimaanishi mwili hauioni. Mimi huwaambia wagonjwa vidonge vya chai ni daraja la kuvukia, huku wanapunguza utamu wiki baada ya wiki mpaka ulimi uzoee.

Nesi Zamu ya Usiku

Naomba niongeze jambo ambalo halijatajwa, na kwa kweli naliona ndilo la kuokoa maisha.

Wagonjwa wengi wanaochoma insulini, au wanaomeza glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari), wanaletwa kwetu usiku sukari imeshuka. Wametetemeka, jasho jingi, wanaongea visivyoeleweka. Ndugu wanasema "tulimpa soda haraka haraka". Soda gani? Ya zero, kwa kuwa nyumba nzima ilishaacha sukari kwa ajili yake. Kwa nia njema kabisa. Soda ile haina glukosi, haikumsaidia chochote, na dakika zimepotea.

Afisa Lishe

Nesi, umenigusa. Hii ingekuwa posti namba moja.

Wakuu, hapa jibu la mada liko wazi: mtu ambaye sukari imeshuka, sukari mbadala ya aina yoyote ni mbaya kuliko sukari. Vidonge, stevia, soda ya zero, vyote havifai. Anatakiwa gramu 15 za sukari halisi: vijiko vya chai vitatu mpaka vinne vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, au kijiko cha chakula cha asali (mzee wa Sikonge, hapa asali yako ni dawa kweli). Subirini dakika 15, mpimeni tena. Bado iko chini, rudieni. Ikikaa sawa, apate chakula.

Kijana wa Mbagala

Baba yangu anachoma insulini na sisi ndiyo walewale, ndani hakuna hata punje ya sukari. Sasa niweke nini, na je akiwa ameshazimia?

Nesi Zamu ya Usiku

Weka robo kilo ya sukari kwenye kopo lenye mfuniko, karibu na anapolala, na kila mtu wa nyumbani ajue lilipo, pamoja na watoto. Akitoka, awe na pakiti ya glukosi ya unga mfukoni. Maduka ya dawa wanayo.

Akiwa amezimia au hawezi kumeza, usimimine kitu chochote mdomoni, kitaingia kwenye njia ya hewa. Mlaze ubavu, mkimbizeni kituo cha afya kilicho karibu, na mkifika mlangoni semeni neno la kwanza kabisa: anachoma insulini.